Mume Mkenya, mtoto Mjerumani, mimi Mtanzania: nichukue uraia au nisichukue?

*Swali:* "Mimi ni Mtanzania, mzaliwa wa Bagamoyo, muuguzi. Nipo Ujerumani mwaka wa saba na nina kibali cha ukaazi wa kudumu. Mume wangu ni Mkenya, yupo hapa mwaka wa kumi, naye ana kibali kama changu. Mtoto wetu alizaliwa hapa Machi 2025. Kazini wananiambia sheria ya 2024 imeruhusu uraia pacha, kwa hiyo nichukue tu, Utanzania wangu utabaki palepale. Mume wangu ameshapeleka maombi yake wala hana wasiwasi. Mimi nina kiwanja alichoniachia marehemu baba, na mama bado yupo nyumbani, umri umekwenda. Kaka yangu anasema nikichukua nitakuwa nimeiuza nchi. Zaidi ya yote zinanichanganya hizi nchi zenyewe. Rafiki yangu wa Toronto amepewa uraia kabla hajamaliza miaka mitano. Mwingine yupo Muscat miaka kumi na nane, Kiarabu anakizungumza kama wenyewe, bibi yake mzaa mama alikuwa Mwarabu wa Oman, na hajapewa hadi leo. Kuna mantiki yoyote humu, au ni bahati ya mtu?"

*Jibu:*

Dada yangu, pole kwa kuzungukwa na washauri. Kila mmoja amekuambia kitu chenye chembe ya ukweli, na hapo ndipo ugumu ulipo, maana ushauri wa uongo mtupu ungeutambua mapema. Naanza na ule wa kazini kwa sababu ndio unaoweza kukugharimu.

Ni kweli kwamba tangu tarehe 27 Juni 2024 Ujerumani haimdai tena mgeni aukane uraia wake wa zamani ndipo apewe wa Kijerumani. Lakini wenzako wamesoma upande mmoja tu wa jambo lenye pande mbili. Tuchukulie ni ndoa ya mitala. Ujerumani imetamka kwamba yenyewe haina neno na mke mwenza. Tanzania haijatamka hivyo. Sheria yetu ya Uraia ya mwaka 1995 inasema mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake, Utanzania wake unakoma. Ukimleta mke wa pili, yule wa kwanza anafungasha na kuondoka, hata kama huyo wa pili alikuwa radhi waishi wote nyumba moja. Ruhusa ya Berlin haiifungi Dodoma kwa lolote.

Na anaondoka kimyakimya. Wengi hudhani kuna barua itakuja, au ofisa atakuita, au kuna fomu ya kujaza. Uraia unakoma kwa nguvu ya sheria siku ile unapokabidhiwa hati ya Kijerumani, hata kama pasipoti ya Tanzania bado iko kabatini na haijaisha muda. Najua unawafahamu watu wenye zote mbili, wanaoingia uwanja wa ndege wa Julius Nyerere kwa hii na kutoka Frankfurt kwa ile. Mimi pia nawafahamu. Siwezi kukushauri uishi hivyo. Kutumia pasipoti ya nchi ambayo wewe si raia wake tena ni kosa, na kosa la namna hiyo huibuka siku mbaya: siku ya mirathi, siku ya kuuza kiwanja, au siku ndugu mliyekosana naye anapoamua kwenda kusema.

Sasa mumeo. Utulivu wake una msingi. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 16, inasema raia wa kuzaliwa hapotezi uraia kwa kuchukua wa nchi nyingine. Kabla ya hapo Kenya ilikuwa kama sisi tu. Mwambie mambo mawili ambayo huenda hajayasikia. Kwanza, sheria ya Kenya ya 2011 inamtaka atoe taarifa ya uraia wake wa pili ndani ya miezi mitatu, na kukaa kimya ni kosa. Pili, kama moyoni ana ndoto ya ubunge, ibara ya 78 inawazuia wenye uraia pacha kushika nyadhifa za juu za dola. Zaidi ya hapo, alale usingizi.

Kwa nini majirani hawa wawili wametofautiana? Turudi Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru wa Tanganyika. Muswada wa uraia ulipofika kwenye baraza la kutunga sheria, walikuwapo wajumbe waliotaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Nyerere alikataa kwa ukali. Hakutaka rangi ya ngozi iwe kipimo. Kipimo kiwe utii kwa nchi, awe Mwafrika, Mhindi, Mwarabu au Mzungu. Ule ulikuwa uamuzi wa heshima na mpaka leo najivunia. Lakini utii ukishakuwa ndio kipimo, wenye pasipoti mbili wanaonekana kama watu wenye mguu mmoja nje ya mlango. Enzi zile hofu hiyo haikuwa ya bure, kwani walikuwapo wengi wenye pasipoti za Uingereza wakisubiri kuona upepo unavumia wapi. Upepo umebadilika, sheria imebaki. Kenya ilipoandika Katiba upya iliwatazama watu wake walioko nje kama jamaa wanaotuma fedha nyumbani, sio kama wasaliti. Uganda ilishaufungua mlango huo mwaka 2005 na Rwanda 2003. Kongo bado inasema katika Katiba yake ya 2006 kwamba uraia wake ni mmoja na hauchangamani na mwingine. Tanzania ipo upande wa Kongo katika hili, na mjadala wake bungeni una umri wa kutosha kuitwa mtu mzima.

Tafadhali usiishie kuiona Kenya kama nchi yenye mikono wazi kwa kila mtu. Kenya hiyohiyo iliyowafungulia wana wake wa London na Texas iliwaacha Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kwenda kufanya kazi mashambani, bila vitambulisho kwa miongo mingi, hadi walipotembea kwa miguu kuelekea Nairobi mnamo Oktoba 2016 kudai kutambuliwa. Wapemba wa pwani ya Kenya wamesubiri hadi 2023. Na sisi tunaosifiwa kwa ugumu, mwaka 2014 tulikamilisha kuwapa uraia wakimbizi wa Kirundi wa mwaka 1972, takriban watu 162,000, waliokuwa wakiishi Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Ni nchi chache sana duniani zimewahi kufanya jambo la ukubwa huo kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo swali la nchi ipi ina roho nzuri halina faida kwako. Uliza chekeche lao wamelitundika wapi.

Kila nchi ina chekeche la kuwachuja wageni. Tofauti ni mahali. Kanada huchuja mapema, kabla mtu hajapanda ndege. Tangu 1967 wanatumia mfumo wa pointi: umri, elimu, lugha, kazi. Rafiki yako alisota huko nyuma, wakati anakusanya vyeti na kufanya mitihani ya Kiingereza, pengine kwa miaka. Aliyepita hapo wanamhesabu kuwa tayari ni mtu wao. Ndiyo maana kinachobaki ni siku 1,095 za kuwapo nchini ndani ya miaka mitano, mtihani wa maswali 20 ambao ukipata 15 umefaulu, na kiapo. Hawamuulizi anapika nini wala anavaaje, kwa sababu tangu 1971 serikali yao ilitangaza kwamba nchi ni ya tamaduni nyingi, na mwaka 1988 wakaliweka hilo katika sheria. Uraia pacha wanauruhusu tangu 1977.

Nchi za Ghuba zimefanya kinyume. Kuingia ni rahisi: kuna kazi, kuna mdhamini, viza inatoka. Chekeche wamelitundika mwisho kabisa, na matundu yake ni madogo mno. Falme za Kiarabu zinataka miaka 30 ya ukaazi, Qatar 25. Oman, kwa sheria yake mpya ya 2025, inataka miaka 15 mfululizo pamoja na Kiarabu, na hata ukitimiza yote, kupewa kunabaki kuwa hisani ya dola, si haki unayoweza kuidai. Hapo ndipo aliponasa rafiki yako wa Muscat. Anahesabu miaka na lugha, wenzake wanahesabu ukoo, na ukoo wa upande wa baba. Unajua vizuri kwamba kuna nyumba Muscat ambazo Kiswahili cha Unguja ndicho kinachosikika jikoni. Wenye nyumba hizo ni wazao wa Waomani wa Unguja. Walirudi baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka mwaka 1970, na waliopokelewa kama Waomani walipokelewa kwa nasaba za baba zao, hata wale ambao Kiarabu chao kilikuwa cha kusomea Kurani tu. Yeye Kiarabu anacho, lakini bibi mzaa mama hamfikishi popote. Inauma, ila si bahati mbaya. Ni kanuni inayofanya kazi kama ilivyokusudiwa.

Ufaransa ina namna yake, ya tatu. Huko mtoto wa wageni aliyezaliwa na kukulia nchini huwa Mfaransa afikapo miaka 18, bila mtu kumuuliza damu yake. Dola inajivunia kutohesabu raia kwa rangi wala kabila. Lakini gharama yake ni kwamba tofauti zako uziache mlangoni. Anayeomba tajinisi, yaani uraia wa kuandikishwa, anahojiwa kuona kama ameshika desturi za Jamhuri, na tangu Januari 2026 kiwango cha Kifaransa kimepandishwa hadi B2, ngazi ya nne kati ya sita, ambacho hata wenyeji wengine wangekitolea jasho. Ni nchi hiyohiyo iliyopiga marufuku hijabu katika shule za serikali mwaka 2004. Mkomoro wa Marseille atakueleza haya vizuri kuliko mimi. Denmark wamekwenda mbali hata wakaweka sharti, kuanzia 2019, kwamba bila kumpa mkono mwakilishi wa manispaa siku ya sherehe, huwi raia. Kila mtu alijua ni akina nani waliolengwa.

Na Ujerumani? Wewe unaiona imelegea kwa sababu ulifika jioni. Sheria yao ya 1913 ilijengwa juu ya damu: Mjerumani ni mtoto wa Mjerumani. Mwaka 1961 walitia saini mkataba na Uturuki kuleta vibarua, wakawaita wafanyakazi wageni, wakiamini kwamba mgeni siku moja huaga. Mwaka 1973 wakasimamisha kuajiri, lakini watu walishaoa, walishazaa, watoto walishaanza shule. Vizazi viwili vikakua vikizungumza Kijerumani cha Köln na Berlin huku mikononi wana pasipoti za Ankara. Hadi mwaka 2000 ndipo mtoto wa wageni alipoanza kupata uraia kwa kuzaliwa pale, tena kwa masharti, likiwemo la kuchagua moja akiwa mtu mzima. Hilo la kuchagua lililegezwa 2014 na kufutwa 2024. Wenzako wanaoizungumzia sheria hii kama zawadi wangekaa kidogo na mzee wa Kituruki aliyeisubiri miaka hamsini.

Haya, kwako sasa. Masharti ya kawaida ni miaka mitano ya ukaazi halali, Kijerumani cha B1 (ngazi moja chini ya B2), mtihani wa maswali 33 ambao unahitaji kupata 17, kujitegemea kipato bila posho ya ustawi wa jamii, na kutokuwa na makosa makubwa ya jinai. Maswali yote yametangazwa, ni 310 pamoja na yale ya jimbo lako, kwa hiyo anayefeli ni aliyepuuza. Ada ni euro 255. Kama kuna anayekuambia kuhusu njia ya mkato ya miaka mitatu kwa waliofanya vizuri, mwambie ilifutwa Oktoba 2025. Utatia saini pia tamko la kuheshimu misingi ya demokrasia yao na wajibu wao wa kihistoria kutokana na maovu ya Wanazi, pamoja na ulinzi wa maisha ya Wayahudi. Lisome kabla ya kulisaini, unaweza kuulizwa. Na mwenye wake wawili kwa wakati mmoja hapewi. Naam, nchi iliyokubali mke mwenza kwenye uraia haimkubali chumbani. Kwenu hilo halipo, ila nalisema kwa wasomaji wengine wa kutoka Tanzania na Kenya, ambako ndoa za namna hiyo ni halali.

Muuguzi mwenye kibali cha kudumu, kwa maelezo uliyotoa, masharti hayo unayamudu. Kwa hiyo swali si kama utapewa. Swali ni kama unauhitaji.

Kabla sijakujibu hilo, mtoto. Hukuuliza habari zake, lakini yeye ndiye anayebadilisha hesabu yote. Kwa kuwa alizaliwa baada ya Juni 2024, na baba yake wakati huo alikuwa ameshapitisha miaka mitano nchini akiwa na kibali cha kudumu, basi mtoto wako ni Mjerumani tangu siku aliyozaliwa. Hamkuhitaji kuomba. Itazameni hati yake ya kuzaliwa, na kama ofisi ya usajili haikuliandika hilo, rudini mkaulize. Juu ya hapo ni Mkenya wa kuzaliwa kupitia baba yake, kwani Katiba ya Kenya haijali alizaliwa wapi. Na ni Mtanzania wa kurithi kupitia wewe, kwa sababu wewe ni raia wa kuzaliwa na siku ile ulikuwa bado raia. Ana nchi tatu na hata meno hayajamaliza kuota.

Kati ya hizo tatu ni Tanzania tu itakayomtaka achague, akifikisha miaka 18, yaani 2043. Mengi yanaweza kubadilika mpaka wakati huo. Lakini angalia jambo hili: sheria yetu inarithisha uraia kwa mtoto aliyezaliwa nje pale tu mzazi anapokuwa raia siku hiyo. Ukichukua Ujerumani leo, na mwakani Mungu akakujalia wa pili, huyo wa pili hatarithi Utanzania kwako. Ndugu wa tumbo moja, mmoja Mtanzania, mwingine si Mtanzania. Nimewaona wazazi wakiligundua hili ubalozini, mtoto akiwa mgongoni.

Kisha kiwanja. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ardhi ya 1999 kwa kawaida haimruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi, isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji na kwa utaratibu wake maalumu. Ilivyoandikwa mwaka huo, haikutofautisha kati ya mgeni aliyeshuka jana na wewe uliyezikiwa kitovu Bagamoyo. Mtu akipoteza uraia, mbele ya sheria hiyo ni mgeni, na kiwanja kilichoandikwa jina lake kinaanza kuwa na maswali. Wapo wanaokimbilia kuandika kwa jina la kaka au dada. Wakati mwingine inakwenda salama. Wakati mwingine kaka anafariki na mjane wake hajawahi kusikia habari zako. Serikali imekuwa ikipendelea njia ya hadhi maalumu kwa watu wenye asili ya Tanzania, na marekebisho ya sheria za uhamiaji na ardhi yalipelekwa bungeni kwa ajili hiyo. Hadhi maalumu si uraia. Kabla ya kuitegemea, pata jibu la maandishi kutoka Uhamiaji au ubalozi wetu wa Berlin: kitu gani hasa kinatolewa leo, kwa nani, na je kinagusa ardhi ya kurithi au hapana.

Basi, unauhitaji? Uraia wa Kijerumani una mambo ambayo kibali chako hakina. Utapiga kura. Hutafukuzwa. Utaishi na kufanya kazi popote Umoja wa Ulaya. Utasafiri bila kupanga foleni za viza. Na kuna moja ambalo watu hulisahau hadi limewafika: kibali cha kudumu cha Ujerumani, kwa kawaida, kinakufa ukikaa nje zaidi ya miezi sita. Umesema mama umri umekwenda. Siku utakapotaka kukaa naye mwaka mzima, utajikuta katika kitendawili: aliyebaki Mtanzania ili asikate mizizi ndiye anayelazimika kukimbilia Ujerumani kila baada ya miezi kadhaa, na aliyechukua Ujerumani anaweza kukaa Bagamoyo bila hofu ya kuipoteza Ujerumani, ila kwa viza, kama mtalii kwao. Nimewaona waliochukua uraia kwa sababu hiyo tu, ili waweze kurudi nyumbani kwa utulivu. Sikuwaona wajinga.

Lakini nyumba yako ina njia ya tatu, na ndiyo iliyonifanya nikuandikie kirefu hivi. Mumeo akishakuwa Mjerumani, sheria ya ukaazi ya Ujerumani, kifungu cha 51, inasema kibali cha kudumu cha mgeni anayeishi katika ndoa na Mjerumani hakifi kwa sababu ya kukaa nje, ilimradi hana rekodi ya kumfanya afukuzwe. Yaani siku mumeo atakapopokea hati yake, lile kamba la miezi sita linalegea shingoni mwako. Usilitegemee kwa mdomo. Nenda ofisi ya wageni, Ausländerbehörde, kabla hujasafiri, omba cheti cha kuthibitisha kwamba kibali kinaendelea. Ipo haki ya kukipata. Zaidi ya hapo, wewe ni mama wa mtoto Mjerumani, na mzazi anayemlea mtoto Mjerumani ana njia yake ya kurudi nchini hadi mtoto atakapokuwa mtu mzima.

Kwa hiyo maoni yangu, nikiwa mahali pako: ningemwacha mume amalize yake, na mimi ningebaki Mtanzania kwanza. Baba na mtoto wanashikilia mlango wa Ulaya, mama anashikilia kiwanja na haki ya kumrithisha mtoto wa pili. Kwa familia nyingine ningesema tofauti kabisa. Mtanzania asiye na mali nyumbani, asiye na mwenzi Mjerumani, anayetaka kuhamia Uholanzi kikazi, huyo ningemwambia achukue wala asitazame nyuma. Na mpango huu wangu una tundu moja ambalo sitakuficha: umesimama juu ya ndoa. Mkiachana, au Mungu akimchukua mapema, ile kinga ya kifungu cha 51 inayumba. Ikitokea hivyo uwe Ujerumani, sio Bagamoyo, na ukiona haja uombe uraia kwa miguu yako mwenyewe. Masharti utakuwa umeshayatimiza.

Kuhusu kaka yako. Asikutishe, na usimdharau. Anachokiita kuuza nchi kinatokana na kile kipimo cha utii cha 1961, kwa hiyo hakulibuni yeye. Ila muulize akijua kwamba ukibaki raia utaendelea kuwa mmiliki halali wa kile kiwanja, je, bado ana neno.

Kuna mambo ambayo siwezi kuyamaliza kwa maandishi. Kama jina lako kwenye cheti cha kuzaliwa cha RITA, wakala wa usajili wa Tanzania, haliendani na la kwenye pasipoti, hata herufi moja, litatueni kabla ya kupeleka ombi lolote, maana Wajerumani wanataka utambulisho usio na shaka. Kama wewe au mumeo mliwahi kujilipua huko nyuma, yaani kuomba ukimbizi kwa jina au nchi isiyo yenu, msiguse fomu yoyote kabla ya kukaa na wakili ana kwa ana. Sikuhukumu, ila faili la zamani lipo na watalifungua. Vilevile kama mumeo aliwahi kufunga ndoa Kenya na haijavunjwa rasmi. Kwa mambo ya kawaida ya hapo Ujerumani, ofisi za ushauri kwa wahamiaji za Caritas, Diakonie na AWO hazitozi kitu, na wengi wao wanajua kazi yao. Ombi la mumeo likikaa zaidi ya miezi mitatu bila jibu na bila sababu ya msingi, sheria inaruhusu kwenda mahakama ya utawala, lakini aulize kwanza wakili, kwa sababu mara nyingi barua moja tu inatosha kuliamsha faili. Kwa kiwanja, tafuta wakili wa ardhi huko nyumbani, sio wa Ujerumani, na umpe nakala ya hati pamoja na karatasi za mirathi ya baba. Kama mirathi haijafunguliwa, anza na hiyo, tena wakati mama bado yupo wa kuithibitisha.